Helmeti ya Kirumi ya plastiki, rangi ilikua haishiki kabisa

Wazee, hii helmeti nlitoa mitumbani Kongowea, Mombasa, ya maigizo tu, plastiki nyepesi, ukipiga spre ukikwaruza na kucha rangi yote inabanduka. Manake plastiki ikitoka kwa moldi hubaki na mafuta. Nkaiosha na sabuni ya vyombo, nkapiga msasa namba 220 mpaka mng'aro ukafa, nkamalizia 400, na ule mshono mbaya wa utosini nkaujaza filla ya magari, ile ya kuchanganya na hadna ya kuigandisha. Halafu praima ya plastiki, yani rangi ya kwanza ya kushikisha, ikafuata nyeusi, halafu silva kwa brashi kavu, yani unachovya kidogo unaifuta kwa gazeti mpaka karibu iishe ndio unapitisha kwa kingo, hapo chuma inatokea yenyewe.

Vanishi sasa. Nlipiga jioni na unyevu wa huku kwetu mwaujua, ikaganda na ukungu mweupe. Dawa yake ngoja mchana hewa ikauke, kivulini, piga koti jingine jembamba la vanishi juu yake, thina iliyomo italainisha lile la chini unyevu utoke. Weupe wote ukapotea.

Kishungi chekundu ni nywele za fagio, mamangu bado analitafuta.