Kumtafuta Lora katika Msitu wa Ukungu wa Monteverde

Afrika ina nyoka wa sumu wa kila namna, lakini haina hata mmoja mwenye vishimo vya kuhisi joto usoni. Makao ya hao ni Asia na Amerika. Mimi ni mtu wa Lushoto. Huko kwetu Usambara yuko kifutu mdogo wa miti, mwenye magamba yaliyochongoka juu ya macho mithili ya pembe, ambaye haonekani popote duniani isipokuwa kwenye milima ya Tanzania. Yupo pia binamu yake wa kijani na mweusi katika misitu ya Bwindi, Nyungwe na Kibira. Niliposoma kwamba ng'ambo ya bahari, kwenye milima yenye ukungu kama yetu, yuko nyoka wa kijani aitwaye lora, mwenye vishimo hivyo, anayeishi vilevile juu ya matawi, wala si ndugu wa karibu wa hawa wetu, sikutulia mpaka nimwone. Hicho ndicho kilichonipeleka Costa Rica.

Basi la kutoka San José lilifuata barabara kuu ya Panamerikana hadi upande wa Pasifiki, kwenye joto na vumbi, halafu likakata kulia na kuanza kupanda. Tulipita malisho ya ng'ombe, mashamba ya kahawa, kisha malisho tena. Upepo ulizidi kila tulipopiga kona. Tulipofika mji mdogo wa Santa Elena nilikuwa nimevaa koti, na kijana wa kwanza niliyemsalimia alikuwa amevaa gambuti zilizojaa tope. Nikajua nimefika mahali penyewe.

Msitu wa Monteverde umebaki umesimama kwa sababu ya maamuzi ya watu. Mwaka 1951 familia za Wakristo wa dhehebu la Wakweka kutoka jimbo la Alabama, Marekani, zilihamia hapa. Imani yao inakataa vita, na Costa Rica ilikuwa imevunja jeshi lake mwaka 1948. Walifuga ng'ombe, wakaanzisha kiwanda cha jibini, lakini msitu ulioko kileleni, kwenye chanzo cha maji yao, waliuacha bila kuukata. Hifadhi yenyewe ilianzishwa mwaka 1972. Baadaye, mwaka 1987, watoto wa shule nchini Sweden walianza kuchanga fedha kununua ardhi ya msitu jirani, na watoto wa nchi nyingine wakafuata. Leo eneo hilo ni pana kuliko hifadhi ya kwanza kwa mbali.

Hata hivyo msitu huu una msiba wake. Palikuwa na chura wa rangi ya dhahabu aliyeishi kwenye kilele hiki tu. Mwaka 1987 walihesabiwa zaidi ya elfu moja wakizaliana kwenye madimbwi. Mwaka 1989 alionekana dume mmoja. Tangu hapo hakuna aliyewahi kumwona tena. Kila mwongoza watalii niliyekutana naye alinisimulia habari hii bila kuulizwa, na wote waliisimulia kwa sauti ya mtu anayemtaja marehemu wa ukoo.

Nilitafuta mwongozaji anayewajua nyoka, nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyewahi kuwa mchuma kahawa. Kihispania changu ni cha kuokoteza, naye aliongea taratibu ili nimfuate. Wenyeji humwita nyoka huyu lora, yaani kasuku, kwa ajili ya rangi yake. Mzee aliniwekea masharti kabla hatujaanza: usishike tawi wala shina usilolimulika kwanza, usitoke kwenye njia, ukimwona, simama, usisogee mbele kupiga picha. Sharti la kwanza ndilo alilorudia mara nyingi. Kwetu tumezoea kuangalia miguu tunapopita porini. Hapa hatari iko kwenye usawa wa mkono, wa bega na wa uso.

Tuliingia saa kumi na mbili na nusu jioni, giza limeshaingia. Kuuelezea msitu huo kwa mtu ambaye hajafika si rahisi. Hakuna tawi lililo tupu. Juu ya kila mti imeota mimea mingine: okidi, kangaga, ukoga mzito uliolowa, na juu ya hiyo imeota mingine tena. Hunyeshewi mvua ila unalowa, kwa kuwa ukungu wenyewe unageuka matone ukigusa majani, na matone hayo yanadondoka usiku kucha. Vyura walilia kila upande. Mzee alikuwa akimulika polepole majani ya pembeni mwa kijito, moja baada ya jingine.

Wa kwanza tuliyemwona hakuwa wa kijani. Alikuwa mtoto, mwembamba, rangi ya kahawia inayong'aa kidogo, amejisokota kwenye ufito karibu na maji. Ningempita. Lora huzaa watoto walio hai, nao huzaliwa na rangi hii, kisha hugeuka kijani wanapokua. Ncha ya mkia wa mtoto ina rangi tofauti na mwili. Huichezesha mithili ya funza ili chura au mjusi asogee mwenyewe. Tulingoja tuone akifanya hivyo, hakufanya. Tukaendelea.

Lora mkubwa alikuwa juu ya jani la mti mdogo wa msituni wa jamii ya mnazi, kimo cha kifua changu, hatua tatu kutoka njiani. Mzee alisema waongozaji wenzake walikuwa wamemwona palepale jana yake, maana nyoka huyu akipata mahali pazuri pa kuvizia anaweza kukaa hapo siku kadhaa. Mgongo wake ulikuwa kijani kibichi cha jani changa. Ubavuni alikuwa na mistari mifupi ya njano iliyosimama wima, yenye kivuli cha buluu pembeni, na mistari hiyo ilivunja umbo lake kiasi kwamba nilipoondoa macho kidogo ilinibidi nimtafute upya. Mkia aliuzungusha kwenye kikonyo cha jani, na uzito wote wa mwili ulishikiliwa pale. Kichwa kipana kilielekea chini, kwenye kijito. Hakutikisika.

Niliviona vishimo. Viko viwili, kila kimoja kati ya jicho na pua, vidogo ila vinaonekana wazi tochi ikipita kwa ubavu. Ndani ya kila kishimo umetandwa utando mwembamba uliojaa ncha za neva, unaohisi joto. Panya au ndege akipita gizani, mwili wake una joto kuliko majani yanayomzunguka, na tofauti hiyo, hata ikiwa sehemu ndogo sana ya digrii moja, hufika kwenye ubongo wa nyoka pamoja na anachokiona kwa macho. Akimpiga ndege au chura, mara nyingi hamwachii kama wafanyavyo vifutu wa chini. Humng'ang'ania mpaka sumu ifanye kazi. Mawindo yakidondoka kutoka juu ya mti, nani atayafuata?

Nilimweleza mzee habari za nyoka wetu wa Usambara: anavyokaa kwenye vichaka, anavyokamata tawi kwa mkia, kichwa kipana vilevile, lakini usoni hana vishimo. Alitaka kujua zaidi. Aliuliza kama watu huwaua. Nikamjibu kwamba huwaua, kwa panga, mara wanapowaona, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba anayeng'atwa hana pa kukimbilia. Alitikisa kichwa akanionyesha mkono wake wa kushoto. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda kidogo. Aling'atwa na lora akichuma kahawa, miaka mingi iliyopita. Mkono ulivimba mpaka kwenye kiwiko, akapelekwa hospitali, akatundikiwa dawa ya sumu ya nyoka, akarudi shambani. Alieleza hayo kama jambo la kawaida, na kwangu hilo ndilo lililokuwa geni kuliko yote niliyoyaona usiku ule.

Ndiyo maana kabla ya kuondoka nilikwenda Coronado, nje kidogo ya San José, kwenye mtaa wa taasisi inayotengeneza dawa hiyo. Inaitwa Instituto Clodomiro Picado, kwa jina la mwanasayansi wa nchi hiyo aliyefariki mwaka 1944, ilianzishwa mwaka 1970, na ni ya Chuo Kikuu cha Costa Rica. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka miili yao itengeneze kinga, kisha kinga hiyo husafishwa kutoka kwenye damu yao. Dawa ya nyoka wa jamii ya lora hutengenezwa kwa sumu za nyoka watatu wengine, lakini humtibu na aliyeng'atwa na lora. Taasisi hiyohiyo hutengeneza dawa kwa ajili ya Nigeria, dhidi ya nyoka wa Afrika Magharibi. Nchi yenye watu takriban milioni tano inawakinga watu wake na kusaidia bara letu!

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele. Linakadiria kwamba kila mwaka hufa watu kati ya 81,000 na 138,000. Kwa kifutu wa miti wa Usambara hakuna dawa iliyotengenezwa mahsusi.

Niliporudi nyumbani nilimuuliza muuguzi wa zahanati moja ya milimani wanafanya nini akiletwa mchuma chai aliyeng'atwa mkononi. Aliniambia wanamlaza, wanamvua pete na bangili, wanamzuia asitembee, hawamkati wala kumfunga kamba. Halafu wanatia damu yake kwenye chupa ndogo ya kioo, safi na kavu, wanaiacha dakika 20 bila kuigusa, kisha wanaiinamisha. Ikiwa imeganda, wanaendelea kumwangalia. Ikimwagika, maana sumu imeizuia isigande, wanatafuta gari usiku huohuo.