Siku Moja Maishani Mwangu: Paa Dogo la Mbao Juu ya Mlango wa Mbele

Wapo wanaodhani kwamba seremala anayejenga paa dogo la mlangoni hupigilia mbao chache ili nyumba ipendeze. Kwangu kazi hiyo ni ya maji na uzito: ni lazima nijue kila tone litapita wapi, na ni lazima ukuta ubebe mzigo ambao haukujengewa tangu mwanzo.

Saa 12 asubuhi nilikuwa karakanani nikikagua vipande nilivyovichonga kwa vipimo vya mlango huo mmoja tu: boriti ya ukutani ya mita 2, makombamoyo 5, yaani mbao za mteremko zinazobeba paa, na mihimili 2 ya mshazari, kila mmoja ukishuka sentimita 60 ukutani na kutokeza sentimita 60 mbele. Viungo vyote ni vya ulimi na tundu. Ncha za mbao nilizipaka dawa mara mbili, kwa sababu ubao hunywa maji kwa ncha zake kuliko kwa ubavu, na huko ndiko uozo huanzia. Kupakia, kusafiri na kusimamisha jukwaa kulitufikisha saa 2.

Saa 2 na nusu niliegemeza boriti ukutani, nayo ikayumba kama mizani. Ukuta ulikuwa na tumbo: katikati umetokeza milimita 14 kuliko pembeni. Siku ya vipimo nilipima upana na kimo, sikupima unyoofu wa lipu, na kosa hilo lilikuwa langu. Ilinibidi nitembeze kijiti na penseli kando ya ukuta, nihamishie umbo lake mgongoni mwa boriti, kisha nirande, niipandishe, niitazame, niishushe, nirande tena.

Ndipo mama mwenye nyumba akatoka, kwa kuwa alitarajia wageni jioni. "Fundi, si ukaze bolti tu ijikunje yenyewe? Pengo utaziba kwa lipu." Nikamweleza kwamba boriti iliyolazimishwa kupinda hufungua viungo vya makombamoyo, na kwamba mbao hutanuka na kusinyaa kadiri ya unyevu, hivyo lipu ya pengoni ingepasuka na kuyaruhusu maji kuingia nyuma, mahali asipoyaona mtu. Akaitikia, akaingia ndani. Baada ya muda akatoka kuuliza jambo lile lile, kisha akatoka tena, na kila mara nilishuka ngazi ili nimjibu nikimtazama, kwa sababu nyumba ni yake na ana haki ya kuelewa. Lakini kila kushuka kulinipotezea mkono niliokuwa nimeuzoeza.

Nilipoweka randa chini jua lilikuwa limeshapita utosini. Mimi na msaidizi wangu tuliinua boriti, tukaikaza kwa bolti zilizovuka lipu hadi kwenye matofali, kwani lipu haishiki kitu. Mihimili na makombamoyo viliingia mahali pake bila nyundo nzito, na hiyo ndiyo fahari yangu. Baada ya kuezeka, nilikata mfereji mwembamba kwenye kiungo cha matofali juu ya paa ili bati lililokunjwa, la kuzuia maji yasipite kati ya paa na ukuta, liingie ndani ya ukuta. Vumbi lilijaa kooni na mabega hayakutaka tena kuinuka.

Giza likikaribia nilimwaga ndoo ya maji ukutani, juu ya bati. Mengi yalidondoka ukingoni mbele, mbali na mlango, ila michirizi miwili ilishuka kwenye pembe ya kushoto, mahali vipande vya bati vilipopandana kidogo mno. Wageni walikuwa wamefika, na mama akasema niiache hadi kesho. Nilimwomba radhi, nikapanda tena kwa mwanga wa tochi, nikabadilisha kipande kimoja kwa kirefu zaidi, nikamwaga ndoo ya pili. Nilipitisha kiganja ukutani chini ya pembe ile, kikatoka kikavu, ndipo tukaanza kuvunja jukwaa.