Mlaze Ubavu

Jana mwezi ulikuwa umejaa. Saa tatu usiku simu ikalia, ujumbe wa mdogo wangu: "Dada, toka nje uangalie. Leo Scott hashikiki." Nikatoka mpaka barazani, nikasimama kama alivyoniambia. Tangu 2014 hajauacha mwezi mpevu upite bila kunitumia neno, na kila akinitumia narudi kwenye kile chumba changu cha kupanga Ifakara, kompyuta imewekwa juu ya ndoo iliyofunikwa, sisi wawili kitandani tunaangalia Teen Wolf.

Alikuwa ameteremka kutoka Mahenge kufuata dawa. Siku hizo Mto Kilombero unavukwa kwa pantoni, na siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, akafika kwangu jioni amechoka na vumbi limejaa kwenye kope. Nilitaka kitu cha kumchangamsha. Nikaenda kwa kijana wa pale karibu na stendi anayerusha muvi kwenye flashi, nikamwambia nipe kitu kirefu, cha kutisha kidogo lakini kisizidi. Akanirushia sizoni mbili.

Kwa asiyeijua: ni tamthilia ya Marekani iliyotungwa na Jeff Davis, ikaanza kuonyeshwa MTV Juni 2011 na kumalizika Septemba 2017, vipande 100 kamili. Inatokea katika mji wa kubuni unaoitwa Beacon Hills, California. Scott McCall ni mwanafunzi mwenye pumu, bomba la dawa halimtoki mfukoni, anang'atwa porini usiku na tangu hapo kila mwezi ukijaa anageuka kuwa werewolf, nusu mtu nusu mbwa mwitu. Macho ya manjano ni ya mfuasi, mekundu ya kiongozi wa kundi, na ya buluu ni ya yule aliyemuua mtu asiye na hatia. Pumu inakwisha palepale. Hilo la pumu kukwisha mdogo wangu aliliona kabla yangu.

Jina la Kiswahili lilitushinda. Mbwa mwitu tunayemjua sisi wa Ulanga ni yule wa madoadoa mwenye masikio ya duara kama visahani, na ukimfikiria mtu anayegeuka kuwa yule hupati hofu yoyote. Nilipomsimulia Bibi kwa simu hakusumbuka na maneno. Mtu anayegeuka mnyama usiku, kwake, ni fisi. Akauliza kama tunafunga mlango vizuri.

Sasa niseme kwa nini dawa. Mdogo wangu ana kifafa tangu ana miaka saba. Kwetu Mahenge kifafa hakijifichi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuna kliniki yake, iliyoanzishwa na daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, kwa sababu wagonjwa aliowakuta milimani walikuwa wengi mno. Baadaye watafiti wamekihusisha na usubi, ule ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wadogo wa kwenye mito iendayo kasi, nasi mito hiyo ndiyo tuliyochotea maji. Lakini kujua hayo yote hakujawahi kumzuia mtu kukimbia. Wanasema povu linaambukiza. Mwaka 2009 alianguka jikoni peke yake, mkono wa kushoto ukaingia motoni, na waliokuwa uani walisimama wakingoja atulie kwanza. Kovu limeanzia kwenye kiwiko, linashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, ngozi imejikunja kama karatasi iliyoloweshwa ikakaushwa. Shule aliiacha kidato cha pili, baada ya kuanguka darasani mara mbili na wenzake kukataa kukaa naye dawati moja.

Nyumbani tulikuwa na kijiko. Kijiko cha bati kilichokaa juu ya kabati, hakiliwi wala hakikorogi chai. Akianguka, Mama anakimbilia kijiko na kukipitisha katikati ya meno ili asijing'ate ulimi. Ukikishika ungeona alama za meno pande zote mbili, mashimo madogo yamepangana. Jino lake la mbele limemeguka pembeni kwa sababu ya kijiko hicho. Mama alikuwa akifanya alichofundishwa na mama yake, kwa mapenzi yote aliyonayo.

Basi tukaangalia. Kuna mahali sizoni ya kwanza, mwezi umejaa, Stiles anamfunga rafiki yake Scott pingu kwenye bomba la kupashia chumba joto kisha anakaa nje ya mlango anamsikiliza akipiga kelele. Mdogo wangu aliangalia zile pingu muda mrefu. Bibi alikuwa akimfungia ndani mwezi ukijaa, kwa kuamini ndipo kifafa kinapopanda. "Lakini Stiles hajaondoka," akasema. Hakusema zaidi.

Sizoni ya 2 akaingia Erica.

Sikujua anakuja, ningejua pengine nisingewasha. Erica Reyes ni msichana wa darasa la kina Scott, nywele hazijachanwa, nguo za kujifichia, anatembea akiambaa ukuta. Ana kifafa. Wanafunzi waliwahi kumpiga video akiwa ameanguka, wakaiweka mtandaoni. Siku hiyo wako kwenye mazoezi ya kupanda ukuta, anapanda, anakwama katikati, anashushwa huku wenzake wanamcheka. Baadaye anarudi peke yake kuupanda tena bila kamba. Kifafa kinamshika akiwa juu. Scott anahisi kabla, anakimbia, anamdaka hajafika chini. Na Allison, mpenzi wa Scott, anasema: mlaze ubavu.

Hayo tu. Mlaze ubavu. Hakuna kijiko, hakuna aliyemziba mdomo, hakuna aliyekimbia povu. Mdogo wangu akasimamisha picha, akarudisha nyuma, akaangalia tena. Nilimwona ameinua mkono na kugusa lile jino.

Kinachofuata ndicho nimekifikiria miaka yote hii. Derek Hale, aliyekuwa ndiyo kwanza amekuwa kiongozi na anatafuta kundi, anamfuata Erica hospitalini. Anamwuliza: je, kama dalili zote zingeondoka, na madhara ya dawa yakaondoka, na mengine yote yakawa mazuri zaidi? Nilishtuka, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nimeshayasikia. Baba alitupeleka kwa mganga mara tatu, na mganga naye hakuishia kwenye ugonjwa. Alisema kifafa kitaondoka na nyota itang'aa, mume atapatikana, hata mashamba yatazaa. Anayekuahidi kukuponya hasemi utapona tu. Anaona mahali pote unapoumia, anaweka ahadi kila mahali.

Derek alihitaji watu wa kupigana upande wake. Angalia aliowachagua: Isaac anayepigwa na baba yake na kufungiwa ndani ya friza, Boyd anayekula peke yake kila siku, Erica. Hakwenda kwa mtoto yeyote mwenye watu wake. Siwezi kumwita mwovu moja kwa moja, nadhani aliamini anawapa kitu. Ila aliwakuta wakiwa na njaa, na alijua.

Erica anang'atwa, na kipande hichohicho anaingia kwenye chumba cha chakula amevaa koti la ngozi, midomo myekundu, shule nzima imegeuza shingo. Mdogo wangu alirudia mahali hapo mara tatu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Usiku ule hakunywa vidonge vyake. Nilivikuta asubuhi chini ya mto, vimefungwa kwenye karatasi, na sikumgombeza. Nilimwuliza tu kwa nini. Akasema, "Nilitaka kujua nikiwa mimi tu nikoje." Alianguka saa nne, mkeka uko chini, mimi niko naye. Nikamlaza ubavu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya hivyo, na nilikuwa natetemeka kuliko yeye.

Sizoni ya 3 tuliipata mwaka uliofuata. Mwanzoni kabisa Erica anaonekana amekufa, mwili wake umefichwa katika chumba cha hazina cha benki iliyoachwa. Nililia kwa hasira, na hasira hiyo bado ninayo. Msichana mmoja tu mwenye kifafa katika hadithi yenye vipande 100, na waandishi walimpa njia mbili: ageuke mnyama au afe, kisha wakampa zote mbili. Naipenda tamthilia ile kutoka moyoni, na hapo walikosea. Wangeweza kumwacha Erica anywe dawa zake, apande ukuta Jumanne, aanguke Alhamisi, adakwe.

Mdogo wangu hakulia. Alisema, "Mimi nilishamwacha pale ukutani."

Leo ni fundi cherehani Mahenge, ana chumba chake cha kazi na wasichana wanne anaowafundisha. Siku ya kwanza kila msichana anapoanza, kabla hajashika mkasi, anamkalisha, anatoa simu na kumwonyesha kile kipande cha ukutani, Kiingereza chote, anasimamisha pale pale. Kisha anamwambia: hivi ndivyo, na usiniwekee kitu mdomoni, na uangalie saa, zikipita dakika tano niwahisheni hospitali.

Baada ya ujumbe wa jana nilimpigia. Tuliongea habari za mwezi, halafu akaniambia, kama jambo la kawaida, kwamba Jumatano alianguka kazini. Alizinduka amelala ubavu wa kulia, kanga ya mtu imekunjwa chini ya kichwa, cherehani imesogezwa mbali, mkasi umeondolewa. Msichana mdogo kuliko wote, aliyeanza mwezi uliopita tu, alikuwa amepiga magoti kando yake na simu mkononi.

"Dakika mbili na nusu, dada," akamwambia. "Nimeangalia."