Gari limechemsha Marereni, na wewe umekuja na ndoo

Gari likichemsha, mara nyingi linaloliua si ule moto. Linauawa na msamaria aliyekuja mbio na ndoo ya maji baridi. Chuma chenye joto kali kikimwagiwa maji ghafla, hedi (kichwa cha injini) hupinda au kupasuka, gasketi inayoziba chini yake ikaachia. Mwenye gari alikuwa na hosi tu iliyotoboka. Sasa ana injini ya kufunguliwa.

Nayaandika haya kwa wanaopita mara kwa mara kati ya Malindi na Garsen, hapa pwani ya Kenya, au wanaoendelea Witu, Hindi hadi Mokowe, na wana ile tabia nzuri ya kusimama wakiona boneti imeinuliwa. Kusimama hakuna shida. Shida huanza katika dakika kumi zinazofuata.

Lipite gari lililokwama, usimame mbele yake mita 20 au 30, nje ya lami kabisa, taa za hazadi zikiwaka. Kisha angalia nyuma kabla ya kuangalia injini. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo pembetatu iliyowekwa hatua ishirini nyuma inampa dereva wa basi la usiku chini ya sekunde moja. Hesabu hatua 150. Kama kuna kona, iweke kabla ya kona, si baada yake. Matawi ya miti yanafaa pia, kila dereva wa huku anajua maana yake, ila yaondoeni mkimaliza. Tawi lililosahauliwa juu ya lami ndilo linalomwangusha wa bodaboda saa mbili usiku. Na ukiwa upande wa Gede, kwenye ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, usiingie kichakani gizani kutafuta hayo matawi. Ndovu wamo.

Halafu salamu. "Salaam aleikum, poleni. Kuna nini?" Ngoja ujibiwe. Ukimkuta mama peke yake usiku, simama mbali, mikono ionekane, sema naye akiwa ndani na milango imefungwa, umuulize kama amepata kuwapigia watu wake. Hana sababu ya kukufungulia na wewe huna sababu ya kukasirika.

Dereva muulize mambo matatu kabla hujagusa kitu: lilizimika lenyewe au ulilizima wewe? Taa gani iliwaka kwenye dashibodi? Lilikohoa kwanza au lilikata mara moja? Lililokata ghafla, kama taa ya nyumbani umeme ukienda, tafuta upande wa umeme. Lililokohoa, likajivuta, kisha likafa, tafuta mafuta. Lililopoteza nguvu huku mshale wa joto ukipanda, hilo ni la maji, na wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni hilo utakalokutana nalo zaidi.

Basi turudi kwenye kuchemsha. Kama injini bado inanguruma na mvuke haujatoka, zima AC, fungua hita hadi mwisho na vioo vyote. Hita ni radieta ndogo, itanyonya joto kidogo. Kama gari limeshazimwa, liache. Usiguse kifuniko cha radieta. Kifuniko hicho kimeandikwa 0.9 au 1.1, na namba hiyo ndiyo presha inayoyafanya maji ya ndani yafike nyuzi 115 au 120 bila kuchemka. Ukikifungua, presha inaondoka na maji yanachemka ghafla, yakurukie usoni pamoja na mvuke. Subiri nusu saa, na juani dakika 45. Kisha binya hosi ya juu ya radieta kwa kitambaa: ikiwa ngumu kama mpira wa miguu, endelea kusubiri. Ikilegea, fungua kifuniko robo mzunguko, acha ipumue, ndipo ukitoe.

Muda huo wa kusubiri si wa kukaa kivulini tu. Tazama fenibelti, ule mkanda wa mbele ya injini, kama ipo. Tazama chini ya gari na kwenye maungio ya hosi kama kuna alama ya kijani au ya pinki, rangi ya kulenti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Washa swichi bila kuwasha injini: kama mshale uko juu na feni ya umeme haizunguki, angalia fyuzi yake. Fyuzi iliyoungua hubadilishwa na nyingine ya ampea zile zile. Karatasi ya sigara si fyuzi, hata kama fundi wa mtaani kwenu anaapa kwamba ni sawa.

Sasa maji. Kuanzia Gongoni hadi Marereni ni nchi ya mashamba ya chumvi, na visima vingi vya huko vina maji ya chumvichumvi. Watu wanayatia kwenye radieta kwa sababu ndiyo yaliyo karibu. Chumvi inakula alumini ya radieta na ya hedi, na maji yakikauka huacha ukoko unaoziba mirija. Nunua dukani maji ya kunywa, dumu la lita tano. Gari dogo lina lita tano au sita mfumo mzima, kwa hiyo dumu moja kwa kawaida linatosha. Ukilazimika kutumia ya kisima, mwambie mwenye gari ayamwage siku hiyo hiyo akifika na asuuze kwa maji baridi mara mbili. Hapa naposema maji baridi, wa pwani watanielewa: yasiyo na chumvi.

Mimina polepole, injini iwe imeshapoa kiasi cha kuweza kuishika. Ukishajaza, washa, iache ingurume taratibu, uendelee kuongeza kadiri yanavyoshuka. Ukitia lita tatu na chini hakuna hata tone, jiulize yamekwenda wapi. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Mapovu yasiyokoma kwenye radieta, au moshi mweupe mzito wenye harufu tamu, ni habari ile ile. Gari hilo haliendeshwi tena hata kilomita moja. Litavutwa.

Hosi iliyopasuka karibu na klipu ni rahisi: kata kile kipande kibovu, sentimita mbili au tatu, uirudishe. Iliyopasuka katikati, ikaushe kabisa, kisha uizungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli au pikipiki, ukiivuta mpaka inyooke, kila mzunguko ukilala nusu juu ya mwenziwe, na ufunge waya mwembamba ncha zote mbili. Kifuniko cha radieta kiache kwenye mkato wa kwanza tu ili presha isijengeke. Gari litatembea hivyo kwa kilomita 50 kwa saa, likisimama kila kilomita kumi kuangaliwa, mpaka kwa fundi.

Pancha ni kazi ya kila mtu, lakini pwani ina vituko vyake. Chumvi ya hewani hushikanisha nati na bolti, na rimu na habu, kile kitovu cha chuma inachokalia. Kwenye Hiace na Hilux, tairi la akiba linaning'inia chini kwa mnyororo, na ule mnyororo huota kutu usishuke. Dawa ni dizeli au oili ya kupenyeza, dakika kumi za subira, kisha kukaza kidogo kabla ya kulegeza.

Legeza nati gari likiwa bado chini, robo mzunguko kila moja. Toyota nyingi huchukua spana ya 21, Honda na Subaru 19, na magari mengi ya Kijerumani yana bolti za 17 badala ya nati. Spana ya msalaba inakuwekea saizi nne mkononi. Weka jiwe mbele na nyuma ya gurudumu la pembe ya pili. Jeki isimame juu ya ubao, sentimita 30 kwa 30 na unene wa tatu hivi. Mchanga wa kando ya lami huonekana mgumu hadi tani moja inapokaa juu ya kikalio kidogo kama kisahani. Tairi la akiba litie chini ya gari wakati unafanya kazi, na ukitoa lile bovu, yabadilishane nafasi. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, si mguu wako.

Rimu iking'ang'ania habu, usilipige tairi teke gari likiwa juu ya jeki. Rudisha nati zote, zikaze kwa vidole kisha uzilegeze mizunguko miwili, shusha gari, lisukumeni nusu mita mbele na nyuma. Uzito wake wenyewe utalibandua. Sijui kwa nini hila hii haijulikani zaidi. Inaokoa saa nzima ya kugongagonga.

Nati zirudi upande wake uliochongoka ukitazama ndani, zikazwe kwa kuruka, si kwa kufuatana. Kipimo cha Toyota ndogo nyingi ni nyutoni-mita 103. Kwa spana ya sentimita 25 hiyo ni sawa na msukumo wa kilo 40, yaani nusu ya uzito wako, siyo kuirukia kwa miguu miwili. Aliyekaziwa Mambrui azikaze tena akifika Garsen. Na kabla ya kumruhusu aondoke, tazama namba nne kwenye ubavu wa lile tairi la akiba: 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Tairi la umri huo lina uso mpya na moyo mzee, kwa hiyo aende polepole. Kale katairi ka akiba kembamba, ka muda, kanataka upepo wa PSI 60 na mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa.

Betri. Kabla ya kutoa waya za jampa, shika vichwa vya betri uvizungushe. Vikicheza, au vikiwa na unga mweupe au wa kijani, huenda tatizo limeisha hapo: vimwagie maji ya moto, sugua, kaza. Kisha washa taa kubwa na ujaribu stata. Taa zikififia, betri imekwisha. Zikibaki kali na ukasikia mlio mmoja tu wa "tak", ni stata. Mwenzako aigonge kwa mpini wa spana wakati wewe unazungusha funguo.

Kujampa kuna utaratibu wake: nyekundu kwenye chanya ya betri mbovu, nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Cheche hutoka kwenye mguso wa mwisho, na betri inayochajiwa hutoa haidrojeni. Kutoa ni kinyume chake. Kubwa zaidi: lori haliliwashi gari dogo. Malori mengi yanayobeba chumvi ni ya volti 24, na gari lako la volti 12 litaunguzwa kompyuta yake kwa sekunde chache. Dereva wa lori atakubali kwa moyo mweupe. Wewe kataa kwa adabu.

Mafuta nitayapitia haraka. Dizeli ikiisha, kuongeza peke yake hakutoshi kwa sababu mfumo umevuta hewa. Bonyeza pampu ya mkono juu ya chujio mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Aliyetia petroli kwenye gari la dizeli asiwashe kabisa. Na lililopita kwenye maji Mto Tana ulipofurika, likazimika humo humo, lisijaribiwe hata mara moja: maji ndani ya silinda hayabinyiki, stata itapinda koneni, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni.

Likishindikana, linavutwa. Kamba ya nailoni yenye unene wa milimita 16 na urefu wa mita tano, si mnyororo. Kamba ya mashua iliyokaa juani miaka huoza ndani kabla ya nje. Usifunge kwenye ndoano nyembamba za chini ambazo gari lilifungiwa melini. Ndoano ya kuvutia mara nyingi imo kwenye buti pamoja na jeki, na hupigwa bolti nyuma ya kile kifuniko kidogo cha bampa. Funguo iwashwe ili usukani usijifunge. Mwambie anayevutwa waziwazi kwamba injini ikiwa imezimwa breki itakuwa ngumu kama jiwe baada ya mikanyago miwili au mitatu, na usukani mzito. Otomatiki iwe nyutro, chini ya kilomita 30 kwa saa, masafa mafupi, kwa maana pampu ya oili ya giabox haizunguki. Gari la nne kwa nne ya kudumu halivutwi kwa kuinuliwa magurudumu mawili tu. Linapandishwa juu ya lori.

Kati ya Garsen na Hindi, jua likiwa limeinama, usianze matengenezo yatakayochukua muda wa saa mbili. Mpelekee askari wa kizuizi kilicho karibu habari: namba ya gari, watu wangapi, wamekwamia wapi. Mtandao ukishika, 999 au 112. Abiria wenye watoto na wanaowahi boti wachukue uwafikishe Mokowe na mizigo yao, dereva abaki na mwenzake mmoja, na lile dumu la maji uliloazimia kulirudisha nyumbani uwaachie.