Waidibendi gani ufunge kabla ya kutuni

Wadau wa Subaru hapa Mwanza mnaniuliza sana ufunge waidibendi gani, yaani sensa na geji yake inayopima mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa upana, kabla ya kutuni (kurekebisha mipangilio ya injini), sa ngoja niandike. Ile sensa ya oksijeni iliyokuja na gari inajua tu mafuta yamezidi au yamepungua pale karibu na 14.7 kwa 1 (hewa kwa mafuta), nje ya hapo inabahatisha, ndo maana mtu akitaka kunitunia injini ya tabo (turbo) kwa masikio na rangi ya plagi namkatalia, maana ukikanyaga mpaka mwisho unapanda kilima cha Bugando alafu mafuta yakawa machache, pistoni inatoboka.

Mi ningechukua seti ya waidibendi yenye sensa ya Bosch LSU 4.9. Zile za LSU 4.2 lazima uwe unaichomoa unaikalibreti kwenye hewa safi, usumbufu mtupu. Na geji iwe na waya wa kutoa volti 0 mpaka 5 kwenda kwenye kompyuta ya injini, bila huo ni pambo la dashibodi tu. Geji za AEM X-Series zina vyote viwili, sensa ya 4.9 na huo waya.

Kufunga: nati ya kushika sensa ichomelewe baada ya tabo, upande wa juu wa bomba la ekzosi, maana maji ya ekzosi yakigusa seramiki ya ndani ya sensa ikiwa ya moto inapasuka. Na injini isiwake sensa ikiwa haina umeme, masizi yanaimaliza.