Deni la Nahodha

Ramadhani ya mwaka 2020 ilinikuta Lamu bila kutarajia. Vyuo vikuu vilifungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona, nikapanda basi Mombasa na begi la nguo na vitabu vya uhasibu, nikidhani ni likizo fupi. Aprili serikali ikafunga Mombasa, Kilifi na Kwale, watu hawatoki wala hawaingii, na habari ya kurudi ikaishia hapo. Nikarejea kwenye kazi yangu ya utotoni: kuandika daftari la mkopo katika duka letu, Langoni.

Duka ni shirika la baba na ami, nusu kwa nusu. Liko chini, nyumba iko juu. Tunauza vitu vya kawaida: sukari, ngano, mchele, mafuta ya kupima, na mwezi wa Ramadhani tambi na tende zinapangwa mbele kabisa, mlangoni. Malori ya mizigo yaliruhusiwa kupita, kwa hiyo bidhaa zilifika Mokowe, zikavushwa kwa mashua na kupandishwa na punda kama siku zote. Vitu vilikuwepo. Pesa ndizo zilizokuwa hazipo.

Sisi watu wa Lamu hupenda kusema tunaishi kwa bahari na kwa baraka za masharifu, na sikatai. Lakini ndege za wageni zilipokatika ndipo tulipojua ni jiko gani lilikuwa linawashwa na nini. Wapishi wa hoteli za Shela, waongoza watalii, wachonga samani, wenye mashua za kutembeza wageni mpaka Manda na Kipungani, wote waliingia kwenye daftari kwa mwezi mmoja. Watu ambao jina lao sikuwahi kuliandika tangu nijue kuandika. Mtu anakuja, anaangalia huku na huku, anangoja mwenzake atoke dukani, ndipo anasema kwa sauti ya chini, "Niandikie ngano kilo mbili."

Baba ana desturi ya kupiga hesabu ya zaka kila kumi la mwisho la Ramadhani. Mwaka ule misikiti yote ilikuwa imefungwa, hata Riyadha, ambao sijui kama uliwahi kukaa kimya Ramadhani nzima tangu Habib Swaleh aujenge. Kafyu ilikuwa inaanza saa moja ya usiku. Basi tukaswali tarawehe juu, sebuleni, kisha tukateremka dukani sisi watatu, tukafunga mlango kwa ndani na kuanza kuhesabu.

Kwa mtu aliyesoma uhasibu, usiku ule ulikuwa raha. Mizani haihesabiwi, wala friji, wala makabati, kwa sababu si vya kuuzwa. Bidhaa inahesabiwa kwa bei yake ya leo, si kwa bei uliyoinunulia. Unajumlisha na pesa zilizo mkononi, ukifika nisabu, yaani kile kiwango ambacho mali ikikifikia inalazimu zaka, unatoa robo ya kumi, yaani katika kila laki moja shilingi elfu mbili na mia tano. Ami alitaka tutumie nisabu ya dhahabu, gramu 85, na mwaka ule dhahabu ilikuwa imepanda mpaka gramu hizo zikikaribia nusu milioni. Baba akasema nisabu ya fedha, gramu 595, haifiki hata shilingi elfu arobaini, na wanazuoni wengi wa leo huipendelea kwa kuwa inamfaa zaidi maskini. Wakavutana kidogo. Ami akakubali, kwa sababu alikuwa na hoja kubwa zaidi mfukoni.

"Njoo hapa na daftari lako," akaniambia.

Nikamfungulia. Akapitisha kidole kwenye majina, ukurasa baada ya ukurasa, na midomo inacheza anavyojumlisha. Kisha akampa baba shauri lake. Watu hawa hawana kitu, na wala hawatakuwa nacho karibuni. Zaka inawahusu wao hasa. Basi tufute madeni yao kiasi cha zaka yetu, tutie nia, na mambo yamekwisha. Wao wamepumzika, sisi tumetekeleza, na pesa kidogo iliyobaki inunue mzigo wa Idi.

Hata mimi niliona limenyooka. Chuoni tulifundishwa kwamba deni lisilolipika lifutwe mapema ili vitabu vionyeshe ukweli. Baba hakusema ndiyo wala la. Alifunga daftari, akasema asubuhi tutamwuliza mwalimu.

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani tulimkuta barazani kwake, ameketi upande mmoja, na sisi tukaketi upande wa pili, kila mtu na barakoa yake. Ami akaeleza, akaeleza vizuri kabisa, mpaka nikadhani mwalimu atamshukuru. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mkifuta, kuna kitu kitatoka mikononi mwenu?"

Ami akasema kimeshatoka, ngano imeliwa.

"Ngano ilitoka kwa kuuzwa. Zaka inatoka kwa zaka."

Akatufahamisha kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, kauli yenye nguvu ni kwamba deni haligeuzwi zaka kwa kufutwa tu. Zaka ni lazima imilikishwe, mtu aishike iwe mali yake, aitumie apendavyo. Ukitaka kumsamehe mwenye dhiki, msamehe, na Mwenyezi Mungu amekusifia jambo hilo katika sura ya Al-Baqara: mwenye shida apewe muhula mpaka apate nafasi, na kumwachia kabisa ni bora zaidi. Hiyo ni sadaka. Zaka yako bado iko shingoni. Ukimpa mdaiwa wako zaka, na yeye kwa hiari yake akakulipa kwa pesa hiyo hiyo, halali yako. Ila usimshurutishe. Ukimpa kwa sharti arudishe, hukumpa.

Kisha akatuhadithia habari ya Madina, ambayo nilikuwa nimeisikia utotoni nikaisahau. Watu wa mitende walikuwa wakileta vichala vya tende na kuvitundika msikitini ili mafukara wale, na baadhi yao wakawa wanatundika tende kavu mbovu, zile ambazo wao wenyewe wasingezitia mdomoni. Ndipo ikateremka aya ya kukataza mtu kukusudia kutoa kile kibaya, ambacho yeye akipewa hakipokei ila kwa kufumba macho.

"Deni hili, ungekuwa na tamaa ya kulipata, ungelitoa?" akamwuliza ami. "Mnamtundikia Mungu tende mbovu."

Ami hakukubali kushindwa upesi. Akashika jina moja kwenye daftari, la nahodha mmoja jirani yetu, mwenye deni kubwa kuliko wote. "Huyu ana mashua yake mwenyewe pale mbele, ina tanga na mashine. Mtu mwenye chombo chake naye anapewa zaka?"

Mwalimu akacheka. "Husomi Al-Kahf Ijumaa? Lile jahazi Khidhri alilolitoboa lilikuwa la nani? Kurani inasema la maskini wanaofanya kazi baharini. Walikuwa na jahazi, na Mungu akawaita maskini."

Hapo ami akanyamaza, na mimi nilikuwa nimeisoma sura ile kila Ijumaa tangu utotoni nisipate kuiona mashua ya mtu wa Lamu ndani yake.

Orodha ya kweli alikuwa nayo mama. Sisi tulikuwa na daftari, yeye alikuwa na sahani. Ramadhani, kabla ya magharibi, sahani zinatembea mtaa mzima: hii imekwenda na kaimati, ile imerudi na viazi vya nazi, na sahani hairudi tupu. Mama alijua nyumba ambayo mwanzo wa mwezi ilirudisha sambusa za nyama, katikati ikarudisha mbaazi, na kufikia kumi la mwisho ikaacha kurudisha sahani, watoto wameambiwa waseme bado inaoshwa. Alimtajia baba majina ambayo hayakuwemo kabisa kwenye daftari, watu walioona bora walale na njaa kuliko kuandikwa. Wale ndio waliopewa mwanzo. Mama alifunga noti kwenye kitambaa, akaziweka chini ya mkate wa sinia, akafunika na kawa, akampa mtoto apeleke. Mtoto hakujua amebeba nini.

Kwa nahodha baba alikwenda mwenyewe, na akanichukua. Tulimkuta mashuani, maji yamemfika vifundoni, anayafua kwa kopo la rangi lililokatwa. Chombo kisipofanya kazi huvuja zaidi, mbao zinakauka juu. Baba hakutaja zaka, hakutaja deni. Walizungumza habari za upepo, na kama Idi itaandama Jumamosi au Jumapili. Alipoaga akamtilia bahasha mkononi, akasema, "Hii ni amana yako." Nahodha akaitazama, akaitia mfukoni na mkono ukiwa umelowa. Tukaondoka.

Siku iliyofuata, baada ya alasiri, nilikuwa nimesimama mlangoni nikamwona nahodha anatoka kwenye duka jingine, la mtaa wa juu. Mabegani ana mfuko wa mchele, mkononi kuku wawili wamefungwa miguu, na mwanawe nyuma amebeba boksi la tende. Alipofika pembeni mwa njia yetu akageukia kichochoro cha nyuma ili asipite mbele ya duka.

Ami naye alimwona. Sitayaandika yote aliyosema, mtu alikuwa amefunga. Kwa ufupi: deni letu liko pale pale, pesa zetu amempelekea mwingine.

"Pesa zetu zipi?" baba akauliza.

Alikuwa anapima sukari. Alisema neno lile kwa utulivu, lakini mimi namjua baba, na niliiona sukari ikizidi kwenye mizani, akaipunguza, ikapungua sana, akaiongeza tena. Baba si mtu wa kutoa kwa wepesi. Amekulia kwenye uchumi wa senti, anakunja mifuko ya karatasi iliyotumika, anajua mshumaa mmoja unakwenda saa ngapi. Zaka aliitoa kila mwaka bila kupunguza hata shilingi, lakini nadhani mpaka siku ile alikuwa akiitoa kama mtu anayelipa kodi: imetoka, imeandikwa, na jicho linaifuata mpaka mwisho wa njia. Kurani inasema mali ichukuliwe sadaka ili wenyewe wasafishwe na watakaswe kwayo. Nilikuwa nikidhani usafi huo unakuja wenyewe ukishatoa. Nilipomtazama na ile mizani nikaona ni kazi, na kazi yenyewe huanza baada ya pesa kutoka.

Usiku, wakati wa daku, akamwambia mama. Hakulalamika, alihadithia tu, lakini aliihadithia mara mbili. Mama alikuwa anamimina chai.

"Aje kwako na noti mkononi, na jina lake liko kwenye daftari? Ukimwuzia kuku, utakuwa humwangalii kwa mato ya deni? Na asiponunua, akulipe yote, watoto wale nini siku ya Idi? Amekwenda kwa mtu asiyemdai ili ale kwa raha. Wewe ulimpa ale au ulimpa nini?"

Baba akanywa chai yake yote kabla ya kujibu, na jibu lenyewe halikuwa jibu. Aliniuliza kama nahodha huwa mashuani asubuhi au jioni.

Alikwenda asubuhi, mara hii peke yake, kwa hiyo waliyosema nayajua kwa kusikia tu. Alimwambia deni lingoje mpaka wageni warudi, hata ikiwa mwaka, na duka ni lake kama lilivyokuwa. Wote waliokuwemo kwenye daftari wakapewa muhula huo huo, na wawili, wajane, baba akawafutia kabisa katika fungu lake mwenyewe. Ami alisema yeye fungu lake hafuti, na hiyo ni haki yake. Ila muhula alikubali.

Nahodha alikuja dukani siku ya tatu ya Idi. Alitoa salamu, akakaa kwenye kiti cha nje kama zamani, akasimulia hadithi ndefu ya mtu aliyemwona Matondoni akiuza ng'ombe kwa barakoa. Mwisho akasema anataka ngano na mafuta, na akatazama daftari.

"Andika," baba akaniambia.

Ndege za kimataifa ziliruhusiwa tena mwezi wa Agosti, wageni wakarudi mmojammoja, na nahodha akaanza kulipa, mara noti, mara samaki. Samaki ndio walioleta kesi. Ami anataka wapimwe kwenye mizani na wakatwe kwa bei ya sokoni. Baba anasema changu aliyevuliwa alfajiri na kuletwa mpaka mlangoni hana bei ya sokoni. Mimi nimesimama na kalamu, nawangoja wakubaliane niandike ngapi.