Nilivyonakili "Wanawake wa Tahiti Ufukweni" ya Gauguin

Picha yenyewe, ya mchoraji Mfaransa Paul Gauguin, ni ya 1891, ina sm 69 kwa 91.5 na iko kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay, Paris. Nilichukua kanvasi ya inchi 18 kwa 24, kila upande karibu theluthi mbili ya ule wa asili. Miraba ya inchi 6, mitatu kwa minne, ikatosha kuhamishia maumbo bila hesabu za ziada.

Mkaa kwanza, kisha mistari kwa bluu ya Prussia iliyolainishwa kwa tapentaini. Nilianza na nyeusi nikaifuta, maana iliikata miili kama katuni. Bluu hii ni kali: kiasi cha punje ya mtama kinatosha, na isipokauka huchafua kila rangi inayofuata. Niliiacha siku mbili.

Mchanga: oka ya njano (rangi ya udongo) sehemu tatu, nyeupe mbili. Ukizidisha nyeupe, gauni la waridi la mwanamke wa kulia linapoteza mwanga wake. Gauni hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote. Jaribio la kwanza nilichanganya nyeupe na nyekundu ya kadimiamu. Rangi ikaelekea machungwa, kwa sababu kadimiamu ina unjano ndani yake, na mchanga ukaimeza. Nikaikwangua kwa kisu, nikachanganya upya: nyeupe nane, alizarini (nyekundu inayoelekea zambarau) moja. Kwenye mikunjo niliongeza bluu kidogo, si nyeusi. Pembeni niliuacha mstari wa bluu uonekane, milimita mbili hivi, ili waridi na njano zisigusane zikiwa mbichi.

Pareo nyekundu (nguo ya kujifunga kama kanga) ya mwenzake wa kushoto ina maua meupe. Ukiyapaka juu ya nyekundu mbichi, unapata maua ya waridi. Subiri wiki nzima, na alizarini huchelewa kukauka zaidi. Tabaka la juu liwe na mafuta ya kitani mengi kuliko la chini, la sivyo litapasuka.

Bahari ya nyuma ni mikanda tu. Usitumie utepe wa gundi. Mstari ulionyooka mno unageuka ukuta.

Mikono ya anayesuka majani niliiweka mwisho. Picha ndogo za mtandaoni hazionyeshi vidole vizuri. Aliyewahi kutazama ukili ukisukwa anajua gumba linabana wapi, ila Gauguin hakuhesabu vifundo vya vidole, na nilipovichora vyote mkono ukawa mgumu. Nilifuta vitatu.